Mfuko wa Tisa wa Koti la Tarishi

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, maana nimefanya jambo ambalo mume wangu nikimwambia atacheka, dada yangu nikimwambia atamwambia mwanawe, na huyo mwanawe ndiye hasa ninayemwogopa.

Mimi ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka arobaini na saba, nina mjukuu mmoja na cherehani mbili, na tangu utotoni nina ugonjwa ambao sijapona wala sijautafutia dawa, nao ni vitabu vya katuni. Sisemi katuni za kwenye televisheni za kuwanyamazisha watoto, nasema hadithi za picha, zile za wino mweusi na maneno ndani ya mapovu, na zaidi ya zote ile iliyokuwa ikitoka kila Alhamisi katika jarida moja tulipokuwa wadogo, ya msichana tarishi anayepeleka barua katika jengo la ghorofa nane, amevaa koti la kijani lenye mifuko minane, kila ghorofa na mfuko wake, na uwezo wake ni mmoja tu, kwamba akiwa na barua mkononi hakuna mlango unaobaki umefungwa mbele yake, awe ni bosi mkali, awe ni mwizi aliyejifungia kwa kufuli tatu, mlango utafunguka. Sasa mshauri, katika toleo moja tu, msichana yule alitia mkono ndani ya koti upande wa moyo, na maandishi yakasema kuna mfuko wa tisa, na humo mna barua aliyopewa na mama yake siku alipoondoka nyumbani, ambayo hajawahi kuifungua. Tukasubiri aifungue. Alhamisi ikaja, nyingine ikaja, halafu jarida likafa, na mchoraji naye baadaye akafa, na sisi wasomaji tukabaki midomo wazi miaka thelathini na minne.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu jarida lilipokufa. Nyumbani hatukuwa nalo, tuliazima kwa jirani, na jirani alitaka lirudi kesho yake bila kukunjwa hata pembe, kwa hiyo mimi na dada yangu tuliligawana, yeye alisoma kwa sauti na mimi nilinakili maneno kwenye daftari, na kwa sababu mchoraji aliandika herufi kubwa tupu, R yake ina mguu mrefu kama mtu anayejinyoosha, na mimi mwandiko wangu ukawa huohuo, mpaka mwalimu akaniuliza kwa nini insha yangu inapiga kelele kama tangazo la mnada. Na mwaka ule jarida lilipokufa nilishindwa kuvumilia, nikachana karatasi ya katikati ya daftari nikaiandika mwenyewe ile barua ya mama, nikaikunja mara nne, nikaitunza kwenye kopo la vifungo, daftari lenyewe nalo ninalo mpaka leo. Sikumwonyesha mtu. Nimeolewa nayo, nimezaa nayo, nimehama nayo nyumba tatu.

Mwaka huu tukasikia inatengenezwa filamu ya Tarishi. Tuna chama chetu cha wasomaji, tunakutana kila Jumapili ya kwanza ya mwezi nyuma ya duka la kinyozi, mimi ndiye katibu, na wenzangu wananiita Mfuko wa Tisa kwa sababu ndio ugomvi wangu wa siku zote, na siku habari zilipokuja kinyozi aliacha kichwa cha mteja nusu kimenyolewa akaja kutuambia. Na kama vile haitoshi, mpwa wangu, mtoto wa huyo dada yangu, ndiye aliyepewa kazi ya kusimamia mavazi ya waigizaji, kazi yake ya kwanza kubwa, akaniita nimsaidie kushona. Nililia kwenye simu. Mume wangu akasema, "Mwanamke mzima na mjukuu analilia picha za wino," lakini kesho yake aliamka mapema akanipakia cherehani kwenye gari la jirani, kwa hiyo maneno yake usiyatie maanani.

Siku moja mpwa akaniletea koti la kijani kuukuu ndani ya mfuko wa nailoni, amelishika kwa mikono miwili. Akasema, "Mama mdogo, hili ni koti lenyewe. Marehemu mchoraji alikuwa akilitundika mbele ya meza yake analichora. Binti yake ametuazima. Mwongozaji anataka mwigizaji alivae kwenye picha za karibu. Bitana imechanika kwapani, itengeneze, lakini usibadilishe kitu. Umenisikia? Usibadilishe kitu."

Nikasema nimesikia. Na nilikuwa nimesikia, mshauri, siwezi kudanganya. Lakini nilipobaki peke yangu nikafumua bitana nikaingiza mkono upande wa moyo, nikapapasa, na hapakuwa na kitu. Mifuko minane, basi. Wa tisa haukuwepo. Yeye mwenyewe mchoraji hakuwa nao. Niliumia kama mtu aliyerudi kwao akakuta chumba chake wamemwekea mpangaji.

Basi nikaushona. Chini kwenye pindo palikuwa na bitana ya ziada imekunjwa ndani, nikaikata hiyohiyo, uzi nikachomoa humohumo, nikashona kwa mkono, na nakwambia hata fundi mwenzangu angeapa mfuko ule umezaliwa na koti. Halafu nikaenda kwenye kopo la vifungo nikatoa karatasi yangu nikaitia ndani, na mdomo wa mfuko nikaupiga bandi tatu nyepesi za kushikiza tu. Sikutaka ionekane. Nilitaka tu iwemo, kwamba siku filamu itakapotoka watu wote watamtazama Tarishi amesimama pale na barua ya mama yake kweli iko moyoni mwake, na mimi peke yangu nijue.

Siku ya kupiga picha za karibu nilikuwepo, pini zimejaa kwenye ukosi wangu. Mwigizaji amesimama mbele ya mlango wa bosi, anatakiwa aguse kifua tu, lakini vidole vyake vikakuta kitu, akavuta, bandi zangu zikaachia, karatasi ikatoka. Akaifungua kamera inaendelea. Akasoma kimya. Machozi yakamtoka, na mwongozaji akainua mkono watu wasikohoe. Walipomaliza karatasi ikapita mkono kwa mkono, wakalinganisha na majarida ya zamani, R kwa R, mpwa wangu akasema, "Ni mkono wake, ni marehemu mwenyewe," na binti wa marehemu, aliyekuwa amekuja siku hiyo kutazama, akaipokea akaibana kifuani akasema baba amemwachia neno, wakampa kiti. Na mimi nikanyamaza. Sikunyamaza kwa woga, mshauri, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilinyamaza kwa furaha. Miaka thelathini na minne nimekaa na karatasi ile, na leo watu wazima wanailia.

Mpwa hakunishuku kwa sababu hajui mwandiko wangu, siku hizi naandika namba tu, kifua, kiuno, mkono, mengine yote natuma kwa sauti kwenye simu. Sasa mwongozaji amebadilisha mwisho wa filamu ufuate barua ile, na Jumamosi kuna mkutano ukumbini, waandishi wa habari na wasomaji wote tumealikwa, barua, ambayo mpwa wangu anaitunza ofisini kwao tangu siku ile, itawekwa ndani ya kioo, na mpwa wangu ndiye atakayepanda jukwaani kueleza jinsi ilivyopatikana. Kinyozi ameniambia, "Katibu, sasa nikifa nitakufa nimeshiba." Nitamwambia nini mtu kama huyo? Nikisema, mpwa atafukuzwa kazi kwa kumleta shangazi mzima, samahani, mama mdogo mzima, asiye na adabu. Nikinyamaza, nani ameumia? Wote wana furaha. Uongo huu haujamla mtu. Lakini silali vizuri, na jana nimekata suruali ya mteja mguu mmoja mfupi, kitu ambacho hakijanitokea tangu niwe mwanagenzi.

Naambatisha maneno ya barua yenyewe, uone kama yana ubaya:

MWANANGU, HUMU HAMNA HABARI YOYOTE. NIMEKUANDIKIA ILI USIKOSE BARUA MKONONI, MAANA NAIJUA MILANGO YA MJI HUO. UKIMALIZA KUSOMA IKUNJE, UIRUDISHE. MAMA.

Nishauri, nakuomba. Ni mimi,
Mfuko wa Tisa


MAJIBU

Dada fundi,

Nianze kwa kukiri kwamba katuni hiyo sikuwahi kuisoma. Nilimpelekea barua yako mhariri wangu, mtu mzima mwenye kitambi na miwani miwili, ili anieleze huyo Tarishi ni nani. Aliacha simu inalia akanisimulia dakika arobaini. Alipofika kwenye maneno ya mama akavua miwani, akasema ana kazi nyingi, nimwache. Kwa hiyo jambo moja tulimalize mapema: hayana ubaya. Msichana wa miaka kumi na mitatu aliyeweza kuandika vile, ningependa kumpa mkono.

Sasa wewe wa miaka arobaini na saba, kaa vizuri nikuseme.

Unasema hukutaka ionekane. Wacha hizo. Mtu anayetaka kitu kisionekane hukishonea ndani akafunga kote. Wewe umeshona mfuko, na mfuko una mdomo, na mdomo ukaufunga kwa bandi tatu ambazo unajua, kwa kazi yako, kwamba zipo ili ziachie. Ulitaka ionekane. Si dhambi kutaka. Lakini usinidanganye mimi, na usijidanganye mwenyewe, kwa sababu mpwa wako atakuuliza swali hilohilo na jibu hilo halitamtosha.

Pili, unaniuliza nani ameumia. Nimeisoma barua yako mara tatu. Kinyozi umempa maneno yake mwenyewe. Mumeo umempa utani. Hata suruali ya mteja ina nafasi yake. Na yule binti aliyefiwa na baba, akaibana karatasi kifuani akasema ameachiwa neno, umempa nusu sentensi na kiti. Umempita mbio, dada, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai. Huyo ndiye aliyeumia, ila hajajua bado. Anakwenda kulala kila siku akiamini baba yake alimwandikia, na wewe unajua hakumwandikia. Kila siku unayonyamaza unamzidishia kitu cha kunyang'anywa.

Wasomaji wenzako watapona. Wamengoja miaka thelathini na minne, hawa si watu wa kufa kwa wiki moja. Kinyozi atanuna mwezi mzima, kisha atakuwa wa kwanza kujisifu kwamba anamjua aliyeiandika.

Hofu yako kubwa ni mpwa na kazi yake. Sikutanii hapo, ni hofu ya kweli, na siwezi kukuapia kwamba hatafokewa. Lakini piga hesabu ya siku. Leo hajasema lolote mbele ya waandishi wa habari. Alikukabidhi koti, akakukataza kubadilisha kitu, ukabadilisha. Kosa ni lako, zima, lina alama ya sindano yako. Jumamosi akishapanda jukwaani akasema kwa kinywa chake kwamba huu ni mkono wa marehemu, kosa litakuwa lake, na hapo hata ukija kupiga magoti hutamsaidia. Unayemlinda kwa kunyamaza ndiye unayemsukuma jukwaani.

Basi fanya hivi. Mtafute mpwa wako leo, uso kwa uso. Si kwa simu, na hasa si kwa ile sauti ya kutuma, maana najua utaanza na salamu za nyumba nzima na utafika kwenye habari yenyewe akiwa ameshachoka kusikiliza. Beba lile daftari la utotoni. Mwonyeshe mahali karatasi ya katikati ilipochanwa, ailinganishe mwenyewe. Usimwambie "nilifanya kwa mapenzi." Kila mtu aliyewahi kuharibu kitu cha mwenzake alikifanyia mapenzi. Mwambie, "Ulinikataza, nikafanya, nimekosa." Kisha nyamaza umwache aseme, hata akikuvunjia heshima. Siku hiyo utakuwa umemruhusu.

Akishatulia, mwende pamoja kwa binti wa marehemu kabla ya kwenda kwa mwongozaji. Huyo anahitaji kusikia kwanza, na asisikie kutoka kwa mtu wa filamu mwenye haraka. Usimpe hotuba. Mwambie barua ni yako, mwombe radhi kwa koti la baba yake, halafu mpe daftari alisome. Kurasa na kurasa za mkono wa baba yake, zilizoandikwa na mtoto ambaye baba hakuwahi kumwona, kwa sababu jarida lilitakiwa kurudi kwa jirani. Sijui atasemaje. Anaweza kukufukuza, na ana haki. Lakini kama anatafuta neno aliloacha baba yake, hilo ni la kweli, na wewe ndiye unayelitunza. Herufi zake bado zinaandika, dada. Zimo mkononi mwako.

Mwongozaji awe wa mwisho. Akitaka kuendelea na mwisho uleule, aandike kwamba barua ni ya fundi wa mavazi, aliiandika akiwa shuleni. Akiufuta, usibishane. Usiende huko na madai yoyote, na ule mfuko wenyewe uwe tayari kuufumua wakikuambia ufumue. Na kuanzia leo andika vipimo vya wateja kwa maneno, mpwa wako auzoee mwandiko wako.

Umeniuliza useme au unyamaze, na nadhani ulishajibu siku ulipotia barua kwenye bahasha. Hukunitajia jina hata moja, lakini dada yangu, nani mwingine anayeshona makoti ya matarishi? Mpwa wako akifungua ukurasa huu atakujua kabla hajafika aya ya pili. Ndiyo maana nimeichapa Jumatano hii na si baada ya mkutano. Ila mimi si mtu wa kuvizia watu. Majibu haya nilikutumia tangu Jumatatu asubuhi kwa namba ya simu uliyoandika nyuma ya bahasha, nikakuambia una siku mbili za kutangulia gazeti.

Jumatatu jioni uliniandikia, kwa herufi kubwa, kwamba umemwambia mpwa, amelia, amekuambia maneno ambayo hujawahi kuambiwa na mtoto uliyembeba mgongoni, kisha amekaa na daftari saa nzima bila kuinua kichwa. Mwishoni ameuliza, "Mama mdogo, kwa nini hukuwahi kunionyesha?"

Na jana saa kumi, tukiwa tunafunga ukurasa huu, simu yangu ikalia tena. Nimemwomba mhariri aniongezee mistari miwili, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakulalamika. Nauweka ujumbe wako hapa kama ulivyokuja:

TUKO KWA BINTI WA MAREHEMU. DAFTARI NINALO, BARUA NAYO AMENIRUDISHIA MPWA NIMWELEZE NIKIWA NAYO MKONONI. NIMEBISHA HODI. NASIKIA NDARA ZINAKUJA.